Wanafunzi sita wa fildi, dispensari ndogo, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni nesi kwenye dispensari moja ya ufukweni huku Ilemela, Mwanza. Jumatatu ijayo tunaletewa wanafunzi 6 wa fildi wanaosoma uhudumu wa afya wa mwaka mmoja, watakaa wiki 8 na mganga mfawidhi kanikabidhi mimi. Yeye anataka watatu wakae mapokezi wajifunze mafaili na bima, watatu wakae chumba cha vipimo na vidonda, baada ya wiki nne wabadilishane. Mwaka jana tulifanya hivo hivo, wa mapokezi wakalalamika wamegeuzwa makarani na wengine wakaondoka hawajui hata kupima presha vizuri. Nimeona mtandaoni Marekani kuna kozi ya medikali asistanti wanafundishwa vyote viwili pamoja. Sisi tutaweza?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole maana najua kukabidhiwa wanafunzi kwenye dispensari ndogo ni kuongezewa kazi bila kuongezewa mikono. Mtaweza. Ila huo mpango wa mfawidhi wa watatu huku watatu kule usiukubali, na nakwambia hivo kama mtu niliyeufanya miaka mingi kabla sijaumbuka.

Kwanza hao wa Marekani. Ni kweli, medikali asistanti wao anapima presha asubuhi na mchana yupo kwenye simu anapanga miadi na kufatilia bima, mtu ni yule yule mmoja, na chama chao cha AAMA kipo tangu 1956 kwa hiyo sio jambo la juzi. Kwenye vyuo vyao vyenye ithibati mwanafunzi lazima afanye kazi kituoni chini ya usimamizi masaa 160 angalau. Sasa piga hesabu zako, wiki 8, siku tano kwa wiki, masaa nane kwa siku, unapata 320. Wewe una mara mbili ya hayo. Muda unao kabisa, kinachowaharibia ni hilo la kuwagawa. Sisi hatuna kada inayofanana nao moja kwa moja, ila mhudumu wa afya wa dispensari ya kijijini anafanya zote mbili kila siku bila mtu kumwita jina la kizungu, na hao sita wakiajiriwa huko Sengerema au Ukerewe watajikuta ndo mapokezi, ndo vipimo, ndo wa kufuta vumbi kwenye mizani.

Ngoja nikupe kisa changu. Kituo sikitaji. Ilikuwa masika, malaria imepamba moto, foleni imefika nje mpaka kwenye mwembe. Mapokezi nimemweka binti mmoja wa fildi mwepesi wa kuandika, chumba cha vipimo nimemweka kijana mwenzake mtulivu tu, kila mtu kwenye kona yake na mimi nazunguka katikati kama pia. Wakaja akina mama wawili hawajuani, kila mmoja na mtoto wa miaka mitatu ana homa, na wote wawili wanaitwa Kulwa. Si unajua kwetu huku, pacha wa kwanza Kulwa wa pili Doto, ukiita Kulwa kwenye benchi wanageuka watu wanne. Binti kaandika kwenye karatasi "Kulwa, miaka 3", basi, mara mbili. Kijana naye akachukua vipimo vya malaria, kwenye kimoja akaandika Kulwa, kwenye kingine Kulwa 2. Baada ya dakika 15 kimoja kina mstari mmoja, kingine miwili, yaani kina malaria. Kulwa 2 ni nani? Binti anasema nilijua yeye ataandika mtoto wa nani, kijana anasema nilijua karatasi imetoka mapokezi iko kamili. Na mama mmoja keshaambiwa mtoto hana malaria, keshaondoka anawahi mtumbwi. Namba ya simu hatukuchukua. Nikatuma bodaboda mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa, akamkuta mama yule anakunja khanga apande. Tukarudia kutoboa vidole vyote viwili, watoto wanalia mpaka nikaona aibu, na aliyekuwa na malaria ni yule yule aliyeambiwa hana.

Wale watoto wawili wa fildi kila mmoja alikuwa anaifanya kazi yake vizuri tu kwa jinsi alivyofundishwa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyemfundisha mmoja kuandika bila kujua karatasi yake inaenda kufanya nini, na mwenzake kutoboa kidole bila kujua jina limetoka wapi. Tangu siku hiyo sikugawa tena wanafunzi kwa vyumba, nawagawa kwa wagonjwa.

Yaani hivi. Sita wako wafanye jozi tatu. Wiki ya kwanza yote kila jozi inachukua mgonjwa mmoja getini, inamuomba ruhusa kwa adabu, inatembea naye mpaka anatoka na dawa zake, hawagusi chochote, wana daftari na saa tu. Wanaandika kafika saa ngapi, kaandikishwa saa ngapi, kapimwa saa ngapi, kamuona tabibu saa ngapi, kila mahali kaulizwa nini na kajibu nini. Kisha wanarudi getini kuchukua mwingine. Jioni mnakaa dakika ishirini wanasoma walichoandika. Utashangaa. Mimi jozi moja waliniletea bibi mmoja aliyekaa masaa matatu, nikajua tu ni foleni, kumbe alishaitwa mara mbili. Mapokezi walikuwa wanaita jina la kwenye kadi ya bima, la ubatizo, Veronika, na yule bibi tangu abatizwe hakuna mtu aliyewahi kumwita Veronika, anajijua kama mama Shija. Yule aliyegundua hilo hakuhitaji tena mimi nimhubirie kwamba mapokezi sio ukarani, na kesho yake niliwakuta wenyewe wanauliza kila mzee "nyumbani wanakuitaje?" na kuandika pembeni kwa penseli.

Kwa hiyo jina ndo somo la kwanza, kabla ya presha na kabla ya kompyuta. Majina matatu, umri au tarehe ya kuzaliwa, mtaa au kitongoji, na mtoto andika na jina la mama. Na usimuulize mgonjwa "wewe ndo Kulwa Masanja?" maana mtu mwenye homa ataitikia lolote, uliza "unaitwa nani?" aseme mwenyewe. Mapacha ndo mtihani mkubwa zaidi maana tarehe moja, mama mmoja, ukoo mmoja, kinachowatenganisha ni neno moja tu, mwambie mwanafunzi kamwe asishike kadi mbili za kliniki kwa pamoja mkononi, amalize Kulwa kabisa ndo ashike ya Doto.

Kwa ninyi wa ufukweni kuna kingine kwenye usajili ambacho chuo hakifundishi. Mvuvi hana anuani. Leo yuko mwalo huu, samaki wakihama na yeye kahama, mwezi ujao yuko kisiwani. Mwanafunzi akiandika "Ilemela" akaona kamaliza, siku majibu ya makohozi yakirudi yana kifua kikuu utamtafuta wapi? Afundishwe kuuliza unavua mwalo gani, mtumbwi wa nani, simu yako, na simu ya mtu ambaye hata ukihama atakuwa anajua ulipo. Na tarehe ya kurudi asipange kichwani mwake tu, amuulize mtu usafiri wake ni siku gani. Kumwambia mtu wa kisiwani "njoo Alhamisi" wakati boti lao linakuja Jumanne ni sawa na kumwambia usije.

Sasa presha, maana umeitaja na ndo inaniuma. Wanafunzi wengi wanajua kufunga mkanda na kubonyeza kitufe, basi. Fanya hivi siku ya kwanza ya wiki ya pili, chukua mwanafunzi mmoja awe mgonjwa, mwache akae dakika tano ameegemea kiti, miguu chini imelala haijapishana, mkono mtupu umewekwa mezani usawa wa moyo, haongei, mpime. Andikeni. Halafu mpime tena mkanda juu ya sweta, miguu amepishana, anapiga stori na mwenzake, mkono unaning'inia. Andikeni tena. Waache wenyewe waone namba zinavyoruka kwa mtu yule yule kwenye robo saa ile ile, hapo hata usipoongea wameelewa. Kisha leta suala la saizi ya mkanda. Ule mpira wa ndani unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono, ukimfunga mama wa mwaloni mwenye mkono uliojaa ule mkanda mdogo mashine itakupa presha ya juu ambayo hana, na ataanzishiwa dawa za maisha kwa sababu dispensari ina mkanda mmoja. Kama mnao mmoja tu mwambie mfawidhi aagize mkubwa, huo sio ufahari.

Wafundishe na mashine ya kusikiliza kwa masikio, hata kama mnatumia ya betri, maana betri zitaisha siku moja na hakuna wa kuleta. Aguse mpigo mkononi kwanza, ajaze upepo mpaka mpigo upotee, aongeze 30, ndo aweke steteskopu na kushusha polepole, milimita mbili au tatu kwa sekunde. Wanaharaka ya kushusha, hapo ndo wanakosea. Wawili wampime mtu mmoja kila mmoja aandike kwake bila kuonyeshana, kisha fungueni karatasi.

Na hapa nikwambie ugonjwa wenyewe hasa, ambao ni mbaya kuliko kutojua. Ni kubuni. Fungua daftari la vipimo la kituo chochote chenye foleni ndefu, utaona presha 120/80, 110/70, 120/80, joto 36.5, 36.5, 36.5, kupumua 20, 20, 20 kuanzia juu mpaka chini kama shairi. Hakuna kijiji cha watu wanaopumua sawa hivo. Mwanafunzi habuni kwa sababu ni muongo, anabuni kwa sababu akiacha pengo anagombezwa. Kwa hiyo wewe tangaza siku ya kwanza mbele ya wote kwamba kwako pengo halina kosa, aandike "haijapimwa" na sababu, lakini namba ya kutunga ukiikamata mtazungumza vizuri. Na kweli siku ya kwanza mtu akikuletea pengo usimkunjie uso, hapo ndo wote watapima kama ulikuwa unamaanisha, maana sura yako wanaisoma haraka kuliko maneno yako.

Kupumua kwa mtoto ni dakika nzima, sekunde 60 akiangalia saa, sio sekunde 15 zidisha nne, na mtoto awe ametulia hanyonyi wala halii. Waandikie kwa maka pen ubaoni, chini ya miezi 2 kuanzia 60 ni haraka, miezi 2 mpaka 12 kuanzia 50, mwaka mpaka miaka mitano kuanzia 40. Akiona hivyo haandiki akaendelea na foleni, anamuinua huyo mama pale pale anampeleka ndani kwa tabibu. Hicho ndo nakiita kuunganisha kazi mbili, kwa sababu anayepanga foleni ni yeye na anayehesabu pumzi ni yeye, kwa hiyo anaweza kuivunja foleni akiwa na sababu mkononi.

Sampuli nazo. Huku ziwani kichocho tulichonacho zaidi ni cha tumbo, kipimo chake ni choo kikubwa, wakati huko juu Kwimba na Misungwi cha mkojo kipo sana. Sasa kijana wa miaka kumi na tisa kumwambia baba mzima aende akalete choo kikubwa kwenye kikopo, anaona haya, anasema "lete sampuli" kwa sauti ya chini, mzee anarudi na mkojo. Wafanye mazoezi ya kulisema hilo, kweli kabisa, wasimame mbele yako waseme kwa Kiswahili na anayejua Kisukuma aseme kwa Kisukuma, wacheke wote siku hiyo wamalize. Jina liandikwe kwenye mwili wa kikopo, kamwe sio kwenye mfuniko, maana maabara mifuniko inafunguliwa ikiwa mingi mezani na kurudishwa kivyake vyake. Na kama ni mkojo wa kutafuta kichocho, mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo anayepanga miadi asimwambie mtu aje na mkojo wa alfajiri. Umeona tena, mapokezi na maabara.

Vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo, na mfumo wa kompyuta sikawii, wewe unavijua kunizidi. Ila usiwaache wanakili tu. Mwisho wa wiki mpe mmoja kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje ajumlishe mwenyewe homa ngapi zilipimwa malaria na ngapi zilikutwa nayo, akikuta tarakimu hazilingani na za maabara atafute kwa nini. Umeme ukikatika wajue kuandika kwa karatasi na kuingiza baadae bila kuruka mtu. Na bima, waonyeshe fomu iliyokatwa hela. Mnazo lazima, kila kituo kinazo, sahihi ya mgonjwa haipo, au utambuzi wa ugonjwa hauendani na dawa iliyoandikwa. Mpe mwanafunzi fomu kama hiyo, funika majina, mwambie tafuta kosa, na mwambie ni shilingi ngapi dispensari ilikosa, na hizo hela zingenunua glavu boksi ngapi. Atakuwa makini kuliko kumkaririsha masharti.

Siri ya mgonjwa ifundishwe dirishani hapo hapo, sio darasani. Dirisha la mapokezi la dispensari nyingi limekaa vibaya, watu kumi wamebanana nyuma, na sisi tunauliza "umekuja na tatizo gani?" kwa sauti ya kuuza dagaa. Wafundishe kusogeza uso, kushusha sauti, kumruhusu mtu aseme "nitamwambia daktari" na kumwandikia hivo hivo. Kadi ya CTC, ile ya kliniki ya VVU, ikitolewa mfukoni isiinuliwe juu. Halafu simu. Hawa watoto wanapiga selfi na koti jeupe siku ya kwanza wanaweka status, na nyuma ya bega lake rejista imefunguka majina yote yanasomeka. Waambie kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sio mama mkali tu anawanyima raha. Picha wapige nje, kwenye mwembe.

Koti hilo hilo jeupe lina shida nyingine, kila mtu atawaita dokta na ni tamu kuitwa dokta. Wape sentensi ya kusema, "mimi ni mwanafunzi, naitwa flani, nitakupima halafu tabibu atakuona", na waiseme kwa kila mgonjwa. Mtu akimuuliza "sasa hii presha yangu ni mbaya?" jibu ni namba na kumpeleka kwa tabibu. Hachomi sindano, haandiki dawa, hata tukiwa wachache, hata mtu akimbembeleza, na hapa nakuambia wewe pia maana nimeona manesi waliochoka wakisema "we choma tu naangalia". Usiangalie. Hata huko Marekani medikali asistanti anaruhusiwa nini inategemea sheria ya jimbo lake, hakuna anayejipanulia.

Kabla hawajashika chochote kaulize chuo kama wamechanjwa homa ya ini B. Dozi ni tatu, ya kwanza, baada ya mwezi, baada ya miezi sita, kwa hiyo asiye nayo aanze sasa, ndani ya wiki 8 atapata mbili. Sindano haifunikwi tena kifuniko, inaenda sefti boksi, na sefti boksi ikifika robo tatu inafungwa hata kama bosi anaona bado ina nafasi. Akijichoma aseme dakika hiyo hiyo, dawa za kinga ya VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo na sio zaidi ya masaa 72, zinamezwa siku 28. Mwanafunzi huwa anaficha akiogopa kufukuzwa. Nilishakutana na aliyeficha siku mbili, alikuja kuniambia jioni ya pili anatetemeka, tukawahi, ila usiku ule sikulala.

Logibuku, yale madaftari ya chuo ya kuthibitisha walichofanya, usisaini zote siku ya mwisho wakiwa wamepanga foleni na keki. Unasaini siku uliyomwona anafanya, akiona kwako mara ya kwanza, akafanya na wewe, kisha akafanya peke yake umesimama mlangoni. Mtihani wangu wa wiki ya nane ni mmoja tu, nampa mgonjwa getini nasema huyu ni wako mpaka atoke, nami nafuata nyuma kimya na daftari, kama wao walivyofuata wiki ya kwanza.

Mfawidhi atakuambia foleni itachelewa. Atakuwa sahihi wiki mbili za mwanzo, mkubalie tu. Siku za kliniki ya wajawazito na Jumatatu zenye watu wengi jozi moja tu ndo ifuate mgonjwa, wengine wasaidie kubeba na kuelekeza, na mwambie kuanzia wiki ya tatu atakuwa na watu sita wanaoweza kukaa dirisha lolote badala ya watatu na watatu, nadhani hapo atanyamaza, wafawidhi wanapenda hesabu.

Na Jumatatu usiwapokee ofisini. Waambie waje saa moja asubuhi bila makoti, wakae kwenye benchi na wagonjwa mpaka saa mbili, wasijitambulishe. Wewe utawafuata hapo hapo benchi.